Chai ya alasiri kwa watu 160: shajara ya vitafunio vya nikaha ya mdogo wangu

Siku 43 kabla, Ijumaa

Tumekubaliana usiku huu, baada ya kula: vitafunio ni kazi yangu. Nikaha ya mdogo wangu itafungwa Jumamosi, msikitini, mara baada ya swala ya Alasiri. Kutoka hapo watu watakuja uani kwa Bibi, Ngamiani, wakae chini ya turubai na mwembe mpaka Magharibi. Hakuna ukumbi, hakuna mshereheshaji, hakuna kamati ya michango. Bwana harusi ni fundi pikipiki, mdogo wangu anafundisha shule ya msingi, na wote wawili wamesema hawataki kuanza maisha na deni la sherehe. Wametenga shilingi 550,000 za kula na kunywa. Viti, mikeka na turubai viko kwenye fungu jingine ambalo amelishika baba.

Naandika shajara hii kwa sababu nimetafuta mtu aliyeweka hesabu zake za shughuli ya namna hii nisimpate. Mapishi yamejaa kila mahali, ila mapishi ya sambusa ishirini hayamwambii mtu anunue nyama kilo ngapi kwa watu mia na sitini. Nitaandika kiasi, bei na makosa kadiri kazi inavyokwenda.

Idadi kwanza. Kadi zitakazochapishwa ni 100. Kwetu Tanga kadi moja si mtu mmoja: mama huja na mwanawe, na jirani asiyepewa kadi ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika kusaidia kufagia. Mama amehesabu 140. Nitapika kwa ajili ya 160.

Siku 40, Jumatatu

Shangazi amekuja na hoja ya pilau, na ameileta kwa uchungu.

"Mwanangu, watu watatoka hapa na njaa, na jina litakalosemwa ni la kaka yangu."

Sikumjibu haraka. Nilichukua kalamu tukapiga hesabu pamoja: mchele kilo 25 kwa shilingi 3,000, nyama kilo 25 kwa 11,000. Hapo tayari ni 350,000, bado mafuta, vitunguu, viungo, kuni, mpishi na sahani za kukodi. Ukiongeza kreti saba za soda tumeshaivuka ile pesa, na kahawa hatujaigusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyejumlisha, nikaona amenyamaza.

Lakini hesabu haikumtuliza, na namwelewa. Kinachomtisha si pesa. Mgeni akija harusini akitarajia pilau halafu apewe kashata, hata kashata ile iwe tamu vipi ataondoka amevunjika moyo. Kwa hiyo nimempigia mchapaji kabla hajaanza kazi, nikaomba mstari mmoja ubadilishwe. Palipoandikwa "tafrija fupi" sasa pameandikwa: "Karibuni chai na vitafunio, saa 10:30 alasiri hadi saa 12:00 jioni." Mtu akisoma hivyo atakula chakula chake cha mchana nyumbani, na akifika kwetu atakuta tulichomwahidi. Naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote tutakaoufanya, na haukugharimu kitu.

Shangazi aliisoma ile kadi mara mbili. Akasema, "Kama ni vitafunio, basi sambusa ni zangu. Msinunue manda dukani."

Siku 34, Jumapili

Nimeandika orodha ya kila kitu ambacho watu wamependekeza wiki hii: sambusa, kababu, katlesi, kachori, bajia za kunde, bajia za dengu, vitumbua, kaimati, visheti, vileja, mkate wa sinia, mahamri, kashata za nazi, kashata za karanga, ndizi za kukaanga, keki, madafu, juisi za aina nne, soda. Aina ishirini na zaidi. Tukizichukua zote, kila moja itakuwa kidogo, na kidogo huliwa na wanaokaa karibu na jikoni. Nimeshaona shughuli ambako sinia la mbele lina aina kumi na mikeka ya nyuma inapelekewa bajia na tabasamu. Afadhali aina tano zimfikie kila mtu, na anayetaka kuongeza aongezwe.

Maswali niliyouliza kila kitafunio yalikuwa mawili tu: kinaweza kupikwa kabla ya siku, na kikipoa kinabaki kizuri?

Kaimati zimeanguka hapo. Nazipenda sana, lakini kaimati tamu ni ya saa ile ile ilipotoka kwenye shira. Ikilala inanywea na kuwa ngumu. Vitumbua vinataka mtu asimame kwenye kikaango muda wote. Katlesi zinataka mayai mengi na nyama. Kababu zinakula nyama hata zaidi. Madafu nimeyaacha kwa huzuni, maana madafu 160 na mtu wa kuyakata ni fungu zima la pesa.

Vilivyobaki: sambusa za nyama, kachori za viazi, bajia za kunde, visheti, kashata za karanga. Juu yake machungwa ya Muheza, maana ndio msimu wake na njiani wanayauza kwa wingi, na tende na halua za kufungulia, kwa sababu nikaha ya pwani bila halua na kahawa haijakamilika hata kwa dhiki gani.

Hesabu kwa kila mtu: sambusa mbili, kachori moja, bajia mbili, kashata moja, visheti vya kuchota, nusu chungwa au zaidi. Nimemwuliza mama, aliyepika shughuli nyingi kuliko sisi sote, kama vipande sita vya namna hii vinatosha mtu aliyekula mchana. Amesema vinatosha, ila nisisahau watoto hula visheti kama watu wazima watatu.

Siku 27, Jumapili: siku ya manda

Leo Shangazi ametufundisha, na nataka niliandike hili vizuri kwa sababu ndilo lililotutoa jasho.

Manda, zile karatasi za kufungia sambusa, ni unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji. Donge linakandwa mpaka lilainike lakini lisinate mkononi, halafu linapumzishwa nusu saa. Unalikata madonge madogo, unasukuma kila moja liwe kama kisahani, unalipaka mafuta juu, unanyunyiza unga mkavu, unalaza jingine juu yake, mpaka yafike manne. Kisha unayasukuma yote kwa pamoja kama chapati moja pana. Unaiweka juu ya chuma chenye moto mdogo, sekunde chache upande huu, sekunde chache upande ule, isipate doa la kahawia. Unaitoa na kubandua kurasa zake zikiwa bado na joto. Ukichelewa zinashikana, na ukifanya pupa zinachanika. Halafu unakata robo robo.

Kilo moja ya unga ilitupa manda 60 nzuri, ukiacha zilizochanika, ambazo Shangazi alizikaanga tukala na chai. Kwa sambusa 320 nitahitaji unga kilo 5 na nusu.

Kosa letu la leo lilikuwa upepo. Tulikuwa tunafungia sambusa uani, na huu ni msimu wa kusi. Katika dakika kumi manda zilizokuwa kwenye ungo zilikauka pembeni. Tukazifunga hivyo hivyo. Zilipoingia kwenye mafuta zikafumuka, nyama ikamwagika, karai zima likajaa vitunguu vyeusi. Sambusa 14 kati ya 30 ziliharibika. Shangazi hakuonyesha hasira. Aliingiza vitu vyote ndani, akalowesha kitambaa cha pamba, akakikamua sana, akafunika manda, akawa anatoa moja moja. Uji mzito wa unga wa kugundishia nao aliukoroga upya, maana wa kwanza ulikuwa mwepesi. Raundi ya pili, sambusa 30, haikufumuka hata moja.

Nyama ya ndani: kilo moja ya nyama ya kusaga iliyopikwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, ndimu na chumvi mpaka ikauke kabisa. Ikipoa ndipo unachanganya na kilo moja ya vitunguu maji vilivyokatwa vidogo sana na kukamuliwa, na kotmiri. Maji ndiyo adui. Kiasi hicho kilijaza sambusa 55, kwa hiyo nyama ni kilo 6.

Siku 20, Jumapili

Vinywaji. Kila kinywaji nimekipima kwa kikombe cha chai cha kawaida, mililita 200 hivi. Watu 160, vikombe viwili kila mmoja, ni lita 64. Nimeweka akiba kidogo ifike 72: chai ya maziwa lita 22, ukwaju lita 30, tangawizi na ndimu lita 20.

Soda zimeondoka. Mjomba mmoja alilalamika kwenye simu, nikamwambia bei ya ukwaju: kilo 3 kwa 4,000 ni shilingi 12,000, na sukari kilo 5. Lita 30 za kinywaji kizuri kwa chini ya 30,000. Kreti mbili za soda ni chupa 48 kwa pesa hiyo hiyo.

Ila jaribio la kwanza la ukwaju tulilimwaga. Dada yangu aliuloweka usiku kucha kwenye sufuria kubwa ya alumini. Asubuhi ulikuwa na ladha ya chuma ambayo sukari haikuifunika. Uchachu wa ukwaju unakula alumini, mama alilijua hilo tangu zamani, hakujua tu kwamba tumetumia sufuria. Sasa tunaloweka kwenye ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko, kwa maji yaliyochemka, saa tatu tu. Tunafikicha kwa mkono, tunachuja mara mbili, tunaweka sukari na chumvi kidole kimoja. Chumvi ile kidogo inaufanya ukwaju uwe na utu, hilo ni neno la Bibi.

Maji yote ya kunywa na ya juisi yatachemshwa Alhamisi na kupozwa kwenye ndoo zilizofunikwa. Sitakubali mgeni wetu augue tumbo kwa sababu tuliokoa mkaa.

Kahawa: nilikuwa nimeandika tuipike wenyewe. Kisha jioni, wakati nanunua kashata barazani, nikamtazama mzee anayetuuzia kahawa mtaani, jiko lake chini ya birika la shaba, anavyogonga vikombe. Nikamwuliza kama anaweza kuja na kazi yake yote uani kwa Bibi Jumamosi ile. Amekubali kwa shilingi 20,000, kahawa yake, mkaa wake, vikombe vyake, kuanzia saa kumi mpaka adhana ya Magharibi. Sisi kwa mkono wetu tungetumia 6,000. Hizo 14,000 zinazozidi naona zimekwenda mahali pake, kwa sababu ile kahawa yake hakuna mtu nyumbani kwetu anayeiweza.

Siku 13, Jumapili

Visheti na kashata tumejaribu leo. Visheti havina taabu: unga, samli, iliki, maji ya uvuguvugu kidogo, unakunja kwa umbo la kisheti kwenye mgongo wa uma au unakata vipande vya pembe nne, unakaanga kwa moto wa wastani mpaka ndani pakauke. Shira yake lazima iwe nzito mpaka ivute uzi. Ukiimwagia na kukoroga haraka inaganda juu kama ukungu mweupe. Vikipoa vinakaa wiki nzima kwenye ndoo iliyofungwa bila kubadilika. Iliki tumeletewa kutoka Amani, kibichi chake kinanukia mpaka barabarani.

Kashata za karanga vilevile hudumu. Za nazi nimeziacha. Tulizojaribu zilitoa unyevu siku ya pili zikanata kwenye karatasi.

Bajia nimezipa uamuzi mwingine. Bajia ya kunde iliyopoa inakuwa nzito, kwa hiyo zitakaangwa mwisho kabisa, na saa hiyo mimi nataka kuwa chumbani na mdogo wangu, si kwenye karai. Mama mmoja anayeuza bajia kona ya pili amekubali kuja na ungo wake na karai lake. Kunde na mafuta vyetu, mkono wake, shilingi 20,000. Kunde kilo 5, zilowekwe usiku, zitolewe maganda, zisagwe asubuhi bila maji mengi. Chatne ya nazi na pilipili ataifanya yeye.

Siku 6, Jumapili

Manunuzi ya vitu vikavu, soko la Mgandini, kuanzia saa mbili asubuhi. Niliyoyanunua na yaliyobaki kununuliwa, kwa bei za leo:

Nyama kilo 6, 66,000. Mafuta madumu matatu ya lita tano, 81,000, hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Sukari kilo 18, 54,000. Unga kilo 14, 26,600. Samli 15,000. Karanga kilo 4, 20,000. Viazi kilo 11, 13,200. Kunde 15,000. Tende kilo 4, 32,000. Machungwa 20,000. Maziwa lita 12, 21,600. Ukwaju 12,000. Tangawizi na ndimu 15,000. Vitunguu, kotmiri, iliki na viungo vingine 30,000. Mkaa 35,000. Barafu 10,000. Vikombe, tishu na bahasha za karatasi 30,000. Mzee wa kahawa na mama wa bajia 40,000.

Jumla 536,400. Halua haimo kwa sababu mjomba wetu wa Pemba ameahidi kuileta mwenyewe.

Bahasha za karatasi ni za wale watakaobeba cha mgonjwa au cha mtoto aliyebaki nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli sambusa kwenye karatasi haitoi jasho.

Suala la vyombo. Sitaki meza moja ya kujipakulia na mstari wa watu wamevaa vizuri wakisukumana juani. Tutaandaa kwa sinia, kama tulivyozoea: watu wanane kwenye mkeka, sinia moja katikati. Masinia 20. Kila sinia linajazwa jikoni kwa kuhesabu: sambusa 16, kachori 8, bajia 16, kashata 8, bakuli la visheti, machungwa manne yaliyomenywa na kukatwa. Likifunikwa kawa linatoka. Kwa njia hii hakuna mkeka wa mbele na mkeka wa nyuma. Wazee wasioweza kukaa chini wana viti na meza ndogo, na sinia lao ni lile lile.

Tunayo masinia sita. Mengine 14 tunaazima kwa majirani, na dada anayatia alama kwa rangi ya kucha upande wa chini, kila nyumba na rangi yake.

Siku 2, Alhamisi

Sambusa zote 320 zimefungwa. Wanawake saba, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, Shangazi akiwa kwenye chuma hakuinuka isipokuwa kuswali. Tumezipanga kwenye trei bila kugusana, zikaingia kwenye friza la jirani zigande kwanza kabla ya kukusanywa ndooni.

Saa kumi na mbili umeme umekatika. Mpaka saa nne usiku haujarudi. Sambusa mbichi zikilegea manda hunywa maji ya vitunguu, na hapo ni ile hadithi ya kufumuka. Shemeji mtarajiwa amepanda pikipiki mwenyewe akarudi na vipande vya barafu vya 10,000, tumevipakia juu na chini ya trei, tumefunika friza kwa mablanketi na hakuna anayeruhusiwa kufungua.

Sasa ni 546,400. Zimebaki shilingi 3,600.

Siku 1, Ijumaa

Umeme ulirudi alfajiri. Nimefungua friza baada ya swala: ngumu kama mawe, zote. Nimekaa chini sakafuni nikamshukuru Mungu.

Visheti mabakuli 20 vimefunikwa. Kashata zimekatwa, 172. Viazi vya kachori vimechemshwa na kupondwa na ndimu, pilipili na chumvi, madonge yako kwenye friji. Kunde zimelowekwa. Mjomba ameshuka na halua ndani ya vikapu, bado ina harufu ya samli na moshi.

Siku yenyewe, Jumamosi (nimeandika usiku)

Saa tisa makarai mawili yalikuwa motoni. Sambusa zilitoka kwenye barafu moja kwa moja mpaka mafuta, ishirini ishirini kila karai, moto wa wastani ili ndani pashike. Tulimaliza muda mfupi baada ya saa kumi. Zilizofumuka zilikuwa tisa. Kachori zilifuata.

Saa kumi na robo nilivua kanga ya jikoni, nikanawa, nikamwachia Shangazi upawa. Nilikuwepo chumbani wakati baba aliporudi kutoka msikitini kumwambia mdogo wangu kwamba imeshafungwa. Hilo ndilo nililokuwa nalilinda katika ratiba yote hii.

Wanaume waliporudi walipokewa na mzee wa kahawa, tende na halua. Ile robo saa ya kahawa ilitupa muda wa kujaza masinia bila mtu kuhisi anasubiri. Saa 10:40 sinia la kwanza lilitoka, la ishirini lilitoka kabla ya saa kumi na moja. Bajia zilikuwa za mwisho kuwekwa, juu kabisa, zinatoa moshi.

Watu walikuwa wengi kuliko 140, sikuwahesabu, ila masinia yote 20 yalikuwa na watu na mengine yalikuwa na tisa na kumi. Hakuna mkeka uliokosa. Bajia ndizo zilizoitwa tena na tena. Mama wa kona alisaga kunde mpaka ya mwisho na angekuwa na kilo mbili zaidi zingekwisha. Ukwaju ulikwisha saa kumi na moja na nusu. Tangawizi ilibaki karibu lita saba, watoto waliiona kali. Chai ilitosha sawasawa.

Adhana ya Magharibi ilipoanza watu walisimama wenyewe. Uwanja ulikuwa mtupu kabla hatujawasha taa.

Bibi mmoja wa mtaa wa pili, alipokuwa anaaga, alimshika Shangazi mkono akamwuliza manda amezinunua wapi. Shangazi alinitazama kwanza mimi, ndipo akamjibu.

Siku moja baada, Jumapili

Kwa atakayefanya kama sisi: kunde ziwe kilo 7, ukwaju lita 40, tangawizi lita 10 na isiwe kali. Kashata zilitosha na zikabaki 20. Visheti mama alikuwa sahihi, watoto walivimaliza. Ongeza kilo mbili za unga. Machungwa yalibaki mengi kwa sababu tuliyakata mapema yakakauka juu, yangemenywa tu na kukatwa mbele ya mgeni. Mafuta lita moja na nusu hivi hatukuyatumia. Weka pesa ya dharura tangu mwanzo, walau 30,000. Sisi tuliponea 3,600 na usiku ule wa Alhamisi sikulala.

Nimerudisha masinia tangu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kila moja na kashata moja juu yake. Nyekundu tatu, bluu nne, dhahabu mbili, waridi tatu. Moja la zambarau nimelipeleka sasa hivi. Limebaki moja hapa mezani ambalo rangi yake imetoka lilipooshwa, na nyumba ambayo sijaifikia ni moja tu, ya mama wa bajia. Ngoja nimpelekee kabla giza halijaingia, na zile lita za mafuta nimpe yeye.